Meli za Mfalme wa Hispania

Jumatano, 11 Juni
Mwezi wa nane tangu nitoke Mbinga kuja kuchimba dhahabu huku kwa Wasukuma. Leo nimeshuka duarani, shimo letu la kuchimbia, mara tatu, mgongo unawaka. Kamba ameshika Athumani, kama kawaida. Mtu wa Ujiji, Mwislamu, mkono wake hauyumbi. Mwingine simwamini kunishusha kwenye lile shimo.
Jioni kigangoni. Katekista ameleta mchezo wa sikukuu yetu, Petro na Paulo. Hadithi ya zamani sana, nchi za Waturuki. Sultani anatawala Wakristo wa milimani. Padri anaingia kwa siri kutoka Roma, anawaambia inukeni, mfalme wa Hispania analeta meli zenye mizinga. Padri ni mimi! Niliishia darasa la sita, na nimepewa maneno mengi kuliko wote. Nimesahau mgongo.

Jumamosi, 14 Juni
Mtu wa kuigiza gavana wa Sultani amekosekana. Kila mtu anataka kuwa mwasi. Nimemwomba Athumani, akakubali kwa kicheko. Kanzu yake ya Idi tumeifunga mkanda mwekundu. Amependeza kweli. Vijana wanaosaga mawe kwenye karasha wanampigia "Shikamoo Sultani!" Anajibu: "Marahaba, lipeni kodi."

Ijumaa, 20 Juni
Nilimuuliza katekista zile meli zilifika lini. Hazikufika. Padri aliandika barua mpaka akachoka. Waasi wakabaki peke yao, vijiji vikachomwa moto. Imeniuma. Aliahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake, wakalipa wengine.
Ila katekista hataki mwisho huo siku ya sikukuu. Kwetu meli zitafika. Gavana atapiga magoti, nami nitambatiza kwa jagi la maji.

Alhamisi, 26 Juni
Mambo yameharibika. Jana jioni mazoezini Athumani alikataa. "Kuigiza, naigiza. Maji ya ubatizo kichwani, hata ya uongo, hapana. Mama yangu yuko hai." Masanja wa karasha akadakia: "Sultani anaogopa maji kama paka!" Wakacheka. Athumani hakucheka. Mimi nilinyamaza. Padri mzima.
Leo amenishusha bila neno. Siku zote hunitania mpaka sauti inapotelea juu. Leo nimesikia kamba tu ikilia. Niliogopa.
Jumapili atakuja, alishaahidi. Lakini alisema nikimmwagia maji, nitafute mtu mwingine wa kamba. Katekista naye anasema nisipomwaga, nisikanyage tena kwenye michezo yake.

Jumapili, 29 Juni
Siwezi kutulia! Uwanja ulijaa, hadi wafugaji wa mbali. Katekista alitupanga: waasi mlangoni mwa kanisa, gavana na askari wake upande wa pili, wote tuanze kwa ngoma kwa pamoja. Yeye ni wa Bukoba, mimi wa Mbinga. Hatukujua tunafanya nini. Wasukuma hushindana ngoma hivyo hivyo: makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna mwamuzi. Linalovuta watu ndilo limeshinda.
Mimi nahubiri, jasho linanitoka. Athumani akaanza kucheza, mabega yanaruka ndani ya kanzu. Watu wakageuka. Wakahama! Kwaya ikahama. Bibi mmoja akapiga vigelegele, anamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, Sultani, wabeja!" Masanja, mwasi wangu wa mwisho, akatupa mkuki wa mti akakimbilia huko huko. Nikabaki na katekista na jagi.
Nikapaza sauti: "Meli hazikuja!" Uwanja ukaangua kicheko.
Katekista akanisukuma, nenda ukabatize. Nikaenda. Ngoma zikasimama. Athumani ananitazama, anahema, harudi nyuma. Nikamkabidhi jagi mkononi.
"Kunywa, ndugu yangu. Umetushinda."
Akanywa lote. Aliyeanza kupiga makofi ni Masanja.
Katekista hakunipa mkono. Basi.

Jumatatu, 30 Juni
Kazini asubuhi. Athumani kwenye kamba. Nilipofika nusu ya shimo akaniita kutoka juu: "Padri! Huko chini meli zimefika?" Nikacheka peke yangu gizani.
Nyumbani kahawa inachumwa bila mimi. Nitarudi Mbinga kabla ya mvua za Novemba.