Zamu ya Koleo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia, shemeji hajambo, na wapwa zangu wameacha kugombania ile baiskeli moja. Mimi ukiniuliza hali, kichwa kizima, ulimi mzima, na kuanzia shingoni kwenda chini ni kama ulivyoniacha, mzigo wa watu. Anayeniandikia ni fundi wa kuchomelea vyuma, yule tunayemwita Koleo kwa jinsi akishika kitu hakiponyoki. Nimemwomba aandike kila neno kama ninavyolitamka, hata litakalomchoma. Kasema moto ndiyo kazi yake.

Itabidi nifupishe. Bi Nesi, anayeniuguza sasa, amekwenda kupimwa macho, na alasiri atakuwa amerudi.

Kwanza kabisa, zile barua mbili ulizopata, zinazosema usije kwa sababu nyumba inapakwa rangi, si zangu; aliziandika Bi Nesi, akanisomea alipokwisha kuzituma. Hakuna rangi iliyopakwa hapa.

Unakumbuka tulivyokosana nilipokataa kuhamia kwako baada ya ajali. Nilikuambia mtu mzima lazima awe na mlango wake. Ukanijibu kwamba mlango usio na mkono wa kuufungua ni ukuta tu. Nilikununia mwezi mzima. Kisha kikundi cha kujitolea kikanipatia mikono, tena mingi. Kwa miaka minne waliniosha, wakanilisha, wakanigeuza nisichubuke mgongo, kila mtu na siku yake. Jumatatu alikuja mke wa mwokaji, na umbea wa mtaa mzima. Jumanne ilikuwa ya Koleo. Siku hiyo watu waliniletea redio zao mbovu, mimi nikawa ulimi, yeye mikono: gusa hapa, ng'oa pale, si huo waya, mwana wa watu, huo mwingine! Mara moja tuliunguza redio ya mtu, tukacheka mpaka akanifuta machozi, maana mwenyewe siwezi.

Bi Nesi alijiunga mwaka jana. Ni muuguzi mstaafu, mikono laini, hachelewi hata mvua ikinyesha ya mawe. Wengine walikuwa na udhuru; yeye hakuwa nao. Akachukua Jumamosi, akachukua Jumapili, akachukua funguo. Akabadilisha kitasa cha mbele, akidai cha zamani kinakwama. Kitanda akakisogeza mbali na dirisha kwa ajili ya vumbi. Simu akaitia mkobani mwake, ati inanipandisha presha. Namba yako imo humo, na kichwani sikuwahi kuiweka. Ndiyo maana nakuandikia.

Siku moja nilimwambia nawakumbuka wenzake. Hakukasirika. Aliweka gilasi ya maji mezani, mahali ninapoiona vizuri, akatoka. Mwanga wa jua ulitambaa ukuta mzima, kutoka kabatini hadi mlangoni. Aliporudi alinitia mrija mdomoni, akasubiri nimalize kunywa, akaniuliza kwa upole, "Umeona?"

Dada, niliona.

Sasa ameniandalia chumba kwake, nje ya mji. Anasema kuna utulivu, hakuna mtu wa kunisumbua. Tunahama Jumamosi. Kikundi amekiambia nimeridhia, wala hakudanganya, kwa sababu aliniuliza mbele yao nami nikaitikia kwa kichwa.

Utasema, na hao wengine walikuwa wapi? Hapo ndipo penye mwiba. Koleo leo hakuja kunijulia hali. Amepitia mlango wa uani, aliouchomelea mwenyewe na ambao siri ya komeo lake anaijua, akasimama juu yangu na kuuliza swali moja: alinikosea nini? Nimemwambia aketi aandike, jibu limo baruani.

Jibu lenyewe ni hili. Miezi mitano iliyopita Bi Nesi aliniona na jeraha pajani, jeusi, pana kama kiganja. Mimi sihisi kitu huko chini, sijui lilitoka wapi. Akasema lazima pawe na mtu, na asipotajwa mtu watamshuku yeye, naye ataondoka. Kisha akanihesabia taratibu siku ambazo ningelala bila kugeuzwa. Wakaja watu watatu wa kikundi, wakasimama miguuni pa kitanda, wakauliza ni nani. Nikasema, "Wa Jumanne."

Koleo hakunigusa vibaya hata siku moja. Nilijua hivyo nikilisema neno lile, na nilimchagua yeye kwa kuwa ndiye niliyeamini angenisamehe. Wakamfukuza bila kumwambia kosa, ila kwamba mgonjwa kalalamika. Mke wa mwokaji, aliyemleta kikundini, akaacha kuja kwa aibu. Waliobaki wakaogopa kusingiziwa, wakapukutika mmoja mmoja. Hivyo Bi Nesi hakumfukuza mtu. Nimewafukuza mimi, kwa ulimi, kiungo pekee nilichobakiziwa.

Koleo ameweka kalamu chini. Amekwenda kwenye sinki, maji yakamwagika muda mrefu, na mimi shingo yangu haifiki kule kumwona. Nilisubiri kusikia mlango. Sasa amerudi, ameshika kalamu, ameniambia niendelee kwa sababu saa haimsubiri mtu.

Njoo kabla ya Jumamosi, dada. Njoo na shemeji. Nikikuambia mbele ya Bi Nesi kwamba sijambo na nataka kubaki, usinisikilize.

Barua itasafiri na gari la mkate alfajiri. Nisalimie shemeji, wabusu wapwa, na majirani wote wanaoniulizia waambie bado nahema.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na kidole cha kutia sahihi.

Dada, haya ni yangu mwenyewe, mwandishi. Sijamsamehe, sitaki nikudanganye. Nimempa maji, nimemgeuza ubavu wa kulia. Mgongoni ana kidonda asichokijua, na sijamwambia. Lango la mbele limelia sasa hivi, Bi Nesi amerudi. Barua naitia ndani ya shati. Mimi siondoki, ila alfajiri kuifikisha kwenye gari la mkate. Wewe njoo.