Kuhusu Moyo Wangu, Si Kama Alivyosema Bwana Shee

Mtongwe, Likoni
Ijumaa, mchana

Kwako dada yangu Mwanakheri,

Assalaam alaykum, na shikamoo kutoka kwa mdogo wako. Nataraji karatasi hii itakukuta u mzima, wewe na mama na wote mlio chini ya paa la baba huko Faza. Vipi miguu ya mama, bado yamvimba ikifika jioni? Na mwanao mkubwa ameoa, au bado achagua? Huku kwetu mvua imekataa kukoma, nguo hazikauki, watoto wote wana mafua, lakini tumo, twamshukuru Mungu.

Barua yako nilipewa na Bwana Shee mwenyewe, alipoleta ng'onda zake, samaki wa kukausha, sokoni Kongowea. Alinikabidhi akinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Kwani watembea?" Nilipofika nyumbani nikaisoma ndipo nikajua kwa nini. Kumbe alifika huko akawaambia nimeshikwa na ugonjwa wa moyo kama wa baba, ati nilianguka sokoni nikakata roho nikarudishwa. Na wasema mama tangu siku hiyo hali chakula, ataka mtu aje kunichukua nifie kwetu. Dada, nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, kisha umsomee mama yale yanayosomeka.

Ilianza baada ya kumzaa Swafiya, huyu wa mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, sina wazo lolote, mara moyo ukasita. Ukanyamaza, kisha ukapiga pigo moja kubwa mpaka nikakohoa. Nazi ikaniponyoka. Nikangoja, ukaenda sawa. Nilipoanza tena kukuna, ukaruka tena.

Wewe wajua nilikumbuka nini. Nilimkumbuka baba, alivyoketi barazani baada ya Ijumaa, akaweka mkono kifuani kama mtu atafutaye miwani mfukoni, na basi. Hakusema hata neno. Tangu siku ile ya nazi nikawa nausikiza moyo wangu kutwa. Nikipika nausikiza, nikiswali nausikiza, mtu akisema nami namwitikia "naam, naam" na kidole kiko shingoni. Na kadiri nilivyousikiza ndivyo ulivyozidi kuruka. Wakati mwingine ulikwenda mbio kabisa, mikono ikafa ganzi, na midomo pia.

Lakini jambo lililoniumiza zaidi sikumwambia mtu. Niliacha kumbeba mwanangu. Niliogopa nitakufa naye mikononi, nimwangushe kwenye sakafu ya saruji. Nikamnyonyesha nimelala, kisha namweka mkekani. Akilia namwita wifi yangu Saumu, nduguye Athumani, aje amchukue. Mtoto akaanza kumnyooshea Saumu mikono, na mimi akinitazama tu. Mavyaa, mama mume, akaona. Siku moja akanisimamia mlangoni.

"Siti, huyu mwana amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Ni moyo."

"Moyo wako haumtaki?"

Akaondoka amekunja uso, na kesho yake akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya, kutoka kwa mwalimu wa madrasa. Nikalinywa, nikapata nafuu kidogo. Kisha ukarudi kama kwanza.

Sasa siku ya Kongowea. Tulikwenda na Saumu kununua vitunguu vya arusi ya jirani. Jua kali, malori yanashusha mizigo, wachukuzi na mikokoteni yao wanapiga kelele, "Pisha! Pisha, mama!" Nikaruka kando, na moyo nao ukaruka, ukashika mbio usisimame. Nikaona giza. Nikakaa juu ya gunia la viazi nikasema, "Saumu, leo ndiyo leo, niwekee watoto wangu." Saumu akapiga ukelele. Watu wakajaa. Mama mmoja wa bara, muuza kabeji, akawafukuza wote, akanipepea na kipande cha boksi, akaniambia, "Pumua polepole, mama, polepole, hakuna mtu anakukimbiza." Sikuanguka, dada. Sikukata roho. Nilikaa juu ya viazi. Bwana Shee alikuwa upande wa pili wa umati, na aliyoyaona ni miguu yangu tu.

Athumani akanipeleka hospitali kubwa ya serikali, ng'ambo, kisiwani. Tulikaa foleni tangu asubuhi. Wakanibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, wakanipapasa shingo. Daktari alikuwa mzee wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, nikamwonea huruma. Akatazama ile karatasi ya mistari akanionyesha.

"Hapa moyo umepiga mapema, hapa ukapumzika, hapa ukapiga kwa nguvu. Hilo ndilo unalolisikia. Moyo wako mzima, mama. Watu wengi mioyo yao inaruka hivi hivi, na wengine hawajui."

"Na baba yangu?"

Akaniuliza baba alikuwa na umri gani, akivuta sigara, alilalamika kifua akipanda ngazi? Nikamjibu ndiyo, ndiyo, alikuwa akisimama njiani kupumua. Akasema hilo lilikuwa jambo jingine. Akaniambia nipunguze chai ya rangi kali, nilale mchana mtoto alalapo, nisijipime shingo. Nikizimia, au kifua kikinibana nikifanya kazi, nirudi upesi.

Nikamwambia, "Daktari, niapie kuwa sitakufa."

Akaweka kalamu chini. "Siwezi kukuapia hivyo. Hata mimi hakuna aliyeniapia. Nakwambia tu hutakufa kwa hili."

Ungedhani nilitoka pale nikiruka kwa furaha. Nilifurahi mpaka kivukoni. Tukiwa twangoja feri moyo ukasita, na mimi nikajiambia, huenda wamekosea karatasi, huenda ile ni ya mtu mwingine. Nikamsumbua Athumani mpaka akanipeleka kwa daktari mwingine Changamwe, karibu na godauni afanyako kazi. Huyo akasema yaleyale, akanipa vidonge vya kunilaza, nikawa nasinzia kwenye sufuria. Nikataka wa tatu. Athumani ni mtu mpole, wamjua, lakini siku hiyo alivua viatu akavitupa.

"Siti, nikuzike mara ngapi? Kila nikienda kazini nasema, leo nitakuta maturubai nyumbani. Nikikuta huna neno, wanianzia upya. Mimi pia nina moyo."

Yeye akaenda akasonga ugali mwenyewe, na watoto wakaula vivyo hivyo mbichi. Wala hakuna aliyecheka.

Dada, nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Mgonjwa aliyevunjika mguu huonyesha mguu. Mimi nina karatasi ya hospitali isemayo sina neno, na kila siku nashinda kutwa nikijiaga.

Sasa nikwambie la juzi, ambalo ndilo lililonitia nguvu za kuandika. Mavyaa na Saumu walikwenda matangani Tiwi. Athumani yuko kazini, wakubwa wako chuoni kwa mwalimu wa madrasa. Swafiya alikuwa na mafua tu, nikamwacha mkekani. Nilipomgusa alikuwa moto, macho yakawa yanapinduka, mikono ikakakamaa. Degedege. Nikaita jirani, kimya, nao wamekwenda matangani.

Basi nikamchukua. Nikamfunga leso kifuani, uso wake shingoni pangu, nikashika barabara ya zahanati. Gari sikungoja. Tangu mlangoni moyo ulianza vituko vyake, waruka, wasita, wapiga, na mimi nasema kwa sauti, kama mwenda wazimu, "Ruka utakavyo, lakini nifikishe." Njiani mama mmoja mwenye ndoo alinitazama akasema, "Utaanguka, dada, nipe nikusaidie kumbeba." Nikamwambia la. Sijui kwa nini nilikataa. Nilikuwa nimeukosa uzito wake miezi mingi, na harufu ya kichwa chake, na sikutaka kumpa mtu tena.

Zahanati wakampokea, wakamvua nguo, wakamkanda maji, wakamchoma sindano. Malaria. Muuguzi akasema nimemleta mapema. Alipolia kilio chake cha kawaida ndipo nikakaa chini kwenye sakafu na leso yangu iliyolowa jasho. Moyo ulikuwa ungali waruka. Ulikuwa umeruka njia nzima, na sikumwangusha mwanangu.

Sijapona, dada, nisikudanganye. Jana moyo ulinishika tena nikianika nguo, na hofu ikaja vilevile. Lakini sikumwita mtu. Nilimaliza kuanika.

Mavyaa aliporudi akasikia habari. Akaja akakaa karibu nami jikoni, akaniuliza, na hakuwahi kuniuliza hivi kabla, "Hebu niambie, huo moyo hufanyaje hasa?" Nikamweleza: huwa kama umekanyaga ngazi isiyokuwepo, kisha pigo kubwa, kisha kikohozi kidogo. Akanitumbulia macho.

"Hicho tu? Hicho mimi ninacho tangu nimzae Athumani!"

"Na hukuogopa, mama?"

"Niliogopa sana. Nilidhani kila mtu anacho, nikaona haya kusema." Akashika mkono wangu akauweka kifuani pake, juu ya leso. Tukakaa tukingoja. Ukapiga, ukapiga, ukasita, ukapiga kwa nguvu. Tukatazamana. Mama mtu mzima yule akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia, naye akaniacha nilie.

Kwa hivyo msimtume mtu kunichukua. Inshallah Idi Kubwa nitakuja mwenyewe na watoto, mama amwone Swafiya, apakate mpaka achoke.

Nisalimie mama, mshikie miguu kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na shangazi wa msikitini, na wanao wote, hasa huyo mchagua wake. Bwana Shee msalimie pia, umwambie sina kinyongo naye, lakini akiniona tena sokoni asogee karibu. Athumani na mavyaa na Saumu wawasalimu.

Dada, nimechoka, na ni mzima. Ukimsomea mama, anza na hilo la pili, na la kwanza baki nalo wewe.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanasiti