Jina Lako Kwenye Nishani ya Fort Worth

Njoro, ndugu yangu,

Vumilia huu mwandiko, naandika mbiombio! Auntie alinileta Fort Worth, mji wa huku ng'ambo, kwa maonyesho ya vitu vya kale. Nikakuta mzee Mzungu anayekusanya nishani za jeshi la Mwingereza na kutafuta wenyewe walikuwa kina nani. Akanipa moja nisome ukingoni: NJOROGE WA KAMAU.

Nikacheka. "Huyu ni bro yangu, anauza simu Thika!"

Halafu kicheko kikanikauka. Wewe ndiye kifungua mimba, na Baba alikuwa kifungua mimba. Na kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hivyo wewe na Guka, babu yetu, mnaitwa sawasawa!

Mzee akaanza kusoma namba ya askari. Mimi nikaimalizia, Njoro! Ni ile Guka alitukaririsha kabla ya kutupa mahindi ya kuchoma.

Akaomba kuona uso wake. Alikuwa na jina tu miaka hiyo yote. Picha ya Guka hatuna, kwa hivyo nikamwonyesha yako kwenye simu, maana Mama husema mnafanana kama mapacha.

Akavua kofia.

Nishani amenipa, naileta nyumbani. Mkumbatie Mama, na tafadhali nyoa hizo ndevu.

Wako,
Wambui