Mikia Uliyoifuta kwenye Majina ya Filamu

Kariakoo, Dar es Salaam

Mdogo wangu Ambakisye,

Nakusalimu kwa sababu tumelelewa kusalimu, si kwa sababu nina hamu na hali yako. Mimi mzima, ingawa duka la kunakili filamu ninalofanyia kazi halina hata dirisha. Barua hii nimempa kondakta wa basi kwa kuwa simu zangu hupokei.

Nilikutumia diski ya filamu za kuonyesha kwenye banda lako la video hapo Kiwira. Kila jina lilikuwa na mkia wa herufi, nami nilikueleza mikia hiyo hadi salio likaisha. DVDRip imetolewa kwenye diski halisi, picha ni safi. RUS, sauti ni ya Kirusi. CAM imeibwa na mtu aliyekaa ukumbini na kamera, vichwa vya watazamaji vinapita. Hiyo uliililia mwenyewe kwa kuwa ni mpya, nikakwambia uitazame nyumbani tu. Ukajibu, "Poa braza, nimekupata."

Hukunipata. Uliona mikia inachafua majina, ukaifuta yote, ukaandika "Komando Moto" na upuuzi mwingine. Siku ya soko ukajaza watu, ukawawekea vichwa vinavyopita. Wakazomea. Ukabadilisha, komando akaongea Kirusi. Wakang'oa mabati.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ulikwenda Kisondela ukamwambia mama kwamba nimekutumia takataka makusudi, nakuonea wivu. Nilipompigia kumwambia Desemba namleta mchumba wangu, alisema, "Gwe Gwamaka, anayemwangusha ndugu yake asinijie na mgeni hapa." Akakata. Mchumba wangu alikuwa amekaa pembeni, akauliza mama amesemaje. Nikamdanganya kwamba mtandao ulisumbua. Nimekasirika, Ambakisye, na aibu ile sijaimaliza.

Diski nyingine hupati. Panda bodaboda uende Kisondela, useme mbele ya mama kwamba mikia uliifuta wewe. Usinizungukie kwa mchungaji aje kutupatanisha.

Nisalimie mkeo, ndiye aliyenieleza ukweli wote, na ole wako umgombeze. Msalimie shangazi yetu wa Kinyala na baba mdogo. Mama usimpe salamu zangu, ataona namkejeli.

Kwa sasa mama ana mtoto mmoja tu anayemwamini. Mwambie ukweli angali anakuamini.

Ni mimi kaka yako,
Gwamaka