Mashine ya Kisima cha Mama

Bismillahir Rahmanir Rahim

Mangapwani, Unguja
Rajab 1446, Januari 2025

Mpendwa ndugu yangu Mahfoudh,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namshukuru Mola aliyetuamsha salama, mimi hapa nawe huko Maskati. Je, mgongo umepoa? Na mkeo Saadiya hajambo? Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa kwangu. Tangu wanafunzi wangu wa Kurani wahamie madrasa mpya, ukumbi ni kimya, na msahafu nnausoma peke yangu.

Mjukuu wangu Tahiya yuko nami, lakini mchana kutwa yumo kwenye simu. Amepata mafunzo ya vijana ya kuhifadhi maji matamu. Walimu wake wako nchi za mbali, hajaonana nao hata mmoja. Kila kijana hutakiwa achague chemchemi au kisima cha kwao, akichunguze. Yeye amechagua kile ulichokitilia mashine ya umeme, sadaka yako kwa marehemu mama yetu.

Maji yake yameingia chumvi, ndugu yangu. Jirani yangu Bi Sichana ndiye aliyeanza kusema. "Bi Hind, heri yenu nyinyi, wali wenu hautiwi chumvi!" Tukacheka sote. Kisha akaacha kuja kuchota, na wenzake wakamfuata. Siku hizi hapana anayebisha hodi.

Nilidhani ni kiangazi tu. Tahiya akayapima, akanijia uso umemshuka.

"Bibi, mashine inavuta kutwa kucha. Maji matamu yanapungua chini, na bahari inajipenyeza. Ikizimwa sasa, mvua za masika huenda zikayarejesha. Tukichelewa, sijui."

"Si yangu ile, mwanangu," nikamjibu. "Ni ya babu yako Mahfoudh."

Naogopa usije ukaona kuwa nakata thawabu za mama. Lakini nimelitafakari jambo hili kwa kadiri ya elimu niliyojaaliwa: sadaka yako ni maji, si mashine. Watu wakirudi kuteka kwa ndoo, kila atakayekunywa, inshaallah, thawabu zake zitamfikia mama.

Hata hivyo, mwenye sadaka ni wewe, na sitaigusa bila ya ruhusa yako. Masika yanakaribia. Tafadhali usinijibu kwa maandishi. Piga simu, useme mwenyewe, "Dada, izime," au hata unigombeze. Muda mrefu sijaisikia sauti yako.

Nisalimie Saadiya na mwanenu Suhaib. Tahiya anakuamkia, shikamoo. Mwenyezi Mungu aifunike nyumba yako kwa rehema, awape afya na riziki ya halali, na atukutanishe tungali hai.

Dada yako akupendaye,
Hind