Mbao za Bana Chanda

Katuba, Lubumbashi
Ijumaa, siku ya ishirini na tano tangu Baba atutoke

Kwako Yaya Feza, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Assalaam aleikum. Kabla ya yote naulizia hali yako na ya hilo tumbo. Shemeji aliniambia kwa simu kwamba miguu imevimba, na bado unazunguka na makarai yako ya samaki wa ndagala pale sokoni Kalemie, kana kwamba mtoto atakataa kutoka mpaka umalize kuuza. Yaya, kaa. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na mgongo umeuegemeza mahali.

Sisi huku hatujambo. Mama ugali wa bukari anaugusa tu, lakini mboga ya sombe anaimaliza. Baba mdogo Djuma bado anaongea kwa sauti ya mtu anayeita taxi-bus. Mvua imeanza, na karakana ya Baba inavuja palepale inapovuja kila mwaka.

Najua utajiuliza kwa nini Shafi ameandika barua wakati WhatsApp iko. Nilijaribu, Yaya. Nilikurekodia sauti mara nne, na kila nilipofika kwenye neno lenyewe nikafuta. Karatasi nayo inachanika, lakini hii nimeinunua, na unajua mimi mtu nikishanunua kitu nakitumia. Fatouma, jirani yetu, anakuja huko kumwona dada yake, basi nimempa bahasha mkononi.

Siku ya maziko hukuwepo kwa sababu ya tumbo, na uliyoyasikia uliyasikia vipande vipande. Ngoja nikusimulie toka mwanzo.

Kabla jeneza halijainuliwa, Baba mdogo Djuma alisimama mlangoni mwa lupango, ua wetu, akauliza kama tunavyouliza sisi: yeyote anayemdai marehemu aseme, sisi watu wake tutabeba. Kisha mzee Godefroid wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa anacheza dama na Baba kila Jumapili akitoka misa, akasema kwa nguvu kwamba yule bwana hakuwahi kudaiwa hata msumari. Mama alikuwa ndani na akina mama. Wanasema alilia kichwa kikiwa juu. Huo ndio ulikuwa utajiri wake, Yaya: mume asiyedaiwa na mtu.

Siku ya tatu akaja Bana Chanda. Huyo ni yule mama wa Kitwe, Zambia, muuza mbao, ambaye Baba alinunua mbao za mulombwa kwake tangu sisi tukiwa wadogo. Alishuka kwenye taxi na mfuko wa unga kichwani, akaketi na wanawake, akalia kilio cha kweli. Halafu akaomba kusema neno. Akasema, nusu Kibemba nusu Kiswahili, kwamba amesikia kwetu maiti huulizwa madeni kabla ya kuingia ardhini, na yeye amechelewa kwa sababu ya mpaka. Basi amekuja kusema mbele ya watu wote kwamba dola mia sita za mbao alizokuwa anamdai mzee Assumani amezisamehe, mzee alale.

Alikuja kutenda wema. Lakini lupango lote liliganda. Baba mdogo Djuma akamuuliza mbao zipi, za lini, za kazi gani. Yule mama akajibu kwamba hayo yalikuwa kati yake na mzee, na mzee alimwomba asiseme. Akafunga mdomo, na kesho yake akarudi kwao.

Unavijua vinywa vya kilio. Kufika jioni zile mbao zilikuwa zimeshakuwa nyumba huko Kitwe. Kufika asubuhi nyumba ilikuwa na mwanamke, na mwanamke ana watoto wawili wenye paji la uso la Baba. Mama naye akakumbuka. Miaka hii miwili, kila mwisho wa mwezi, Baba alikuwa anasema anaenda Kasumbalesa, mpakani, kutafuta gundi na vanishi, anarudi baada ya siku mbili na kopo moja dogo. Gundi ambayo hapa Katuba unaipata kwenye kila butiki. Mama akazihesabu zile safari kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza tena.

Tangu siku ile hakusema tena "bwana yangu". Kiti cha Baba alikitoa nje, kikawekwa karakanani, palepale panapovuja. Mchana mmoja nilimpelekea chai, nikamkuta ameketi na kitambaa chake cheupe, akaniuliza bila kunitazama: "Niko nakaa eda ya nani, Shafi? Ya bwana yangu, ao ya mutu wa Kitwe?" Nilitoka na ile chai mkononi. Na wewe, Yaya, ulisema kwa simu kwamba kama mtoto ni wa kiume, lile jina la Baba ulilokuwa umemwekea basi tena, utatafuta lingine. Simu ile nilikuwa nimeishika mimi, nikimwekea Mama sikioni.

Baba mdogo Djuma alikataa msamaha. "Non," alisema. "Ndugu yangu hatalala na deni ya mutu." Dawa ya deni kulipa, akasema, na akatoa dola mia tatu zake. Wewe ukatuma mia tatu, mtaji wako wa ndagala, na mwezi wako umefika. Ikabaki nani atazipeleka. Wote wakageuka kwangu: Shafi ameishi Kitwe miaka minne, Kibemba anakijua, na uwanja wa yule mama anaujua. Nikazitia kwenye soksi, nikaondoka.

Pale Kasumbalesa malori yalikuwa yamepanga mstari ambao mwisho wake sikuuona. Mimi nilipita kwa mguu pembeni yao, kila hatua nazisikia zile noti chini ya unyayo. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nalipa, napewa karatasi, narudi, imekwisha. Hakuna atakayejua kitu.

Sasa Yaya, egemea vizuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe uko karibu kuzaa, basi acha mmoja wetu afunue.

Mbao zile nilizichukua mimi.

Ilikuwa mwezi wa harusi yako. Nilikuwa nimepata kazi kubwa pale Kitwe, vitanda na makabati ya nyumba ya wageni, na mwenyewe alinipa pesa ya kununulia mbao. Unakumbuka dola mia tano nilizotuma? Baba mdogo Djuma alizitangaza kwenye maikrofoni, shangazi zetu wakanipigia vigelegele mimi nisiyekuwepo, wakaniita Shafi wa Zambia. Walinitumia video, nikaitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Ile ndiyo ilikuwa pesa ya mbao. Iliyobaki nilinunua simu na viatu. Sikuambii hivi ili ubebe wewe. Hukuniomba kitu. Mimi ndiye nilitaka kuwa mkubwa.

Basi nilienda kwa Bana Chanda mikono mitupu, nikamwambia mzee amenituma, aandike kwa jina lake. Hakuuliza mara mbili. Jina lilitosha. Nikabeba mbao za dola mia tisa. Kazi niliimaliza, malipo ya mwisho yakaliwa na kodi ya chumba na madeni mengine madogo madogo, na Jumapili moja, yule mama akiwa misani, nikapanda lori na mfuko wangu wa vyombo vya kazi. Nyinyi niliwaambia kwamba kazi ya Zambia imeisha.

Siku ile Bana Chanda aliposhuka kwenye taxi nilimwona kabla ya mtu yeyote. Nilijificha nyuma ya choo mpaka magharibi. Nilisikia Baba anatukanwa na watu waliokuwa wanakula chakula chake, nikanyamaza. Nilimwona Mama anatoa kiti, nikakibeba mimi mwenyewe mpaka karakanani, nikanyamaza. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipofika Kitwe nilimkuta Bana Chanda ameketi juu ya rundo la mbao anamenya karanga. Nilivua kiatu, nikatoa soksi, nikaziweka pesa mbele yake. Maneno nilikuwa nimeshayapanga: familia imenituma. Lakini lile neno "imenituma" lilipofika mdomoni nilishindwa. Nikasema, "Mama, Baba hakunituma." Halafu nikakaa chini kwenye vumbi la mbao.

Hakushangaa. Aliingia ndani akatoka na kaye lake, daftari la madeni, akalifungua kwenye ukurasa wa Baba. Yaya, sahihi ya Baba iko pale. Ile yenye mkia mrefu, unaijua.

Akaniambia kwamba miaka miwili iliyopita Baba alienda kununua mbao kama zamani, naye akamkumbusha kwa heshima zile dola mia tisa. Baba akauliza nani alizichukua. Akamwambia. Yule mama akamhudumia kwanza mteja mwingine. Kisha akamuuliza Baba, "Ulimutuma?" Baba akasema, "Nilimutuma." Akaomba kalamu. Akamwomba jambo moja, kwamba deni hili lisitajwe kamwe nyumbani kwake, kwa sababu kijana ameanza kushika kazi vizuri, na mtu anayetazamwa kwa jicho baya hupiga randa vibaya.

Chini ya sahihi kuna mistari. Dola kumi, ishirini, mara moja tano. Kila mwisho wa mwezi Baba alipeleka alichopata, analala kwenye stoo ya mbao, asubuhi ananunua kwa yule mama kopo moja la gundi ili arudi na kitu mkononi. Alifikisha mia tatu. Zilizobaki ndizo zile mia sita.

Miaka miwili, Yaya, nilikuwa nafanya kazi ubavuni pake. Nilikuwa nikiharakisha ananiambia tu, polepole, mbao haikimbii. Sijawahi kuliona hilo jicho baya. Nimelitafuta sana kwenye kumbukumbu, na silioni.

Bana Chanda alizisukuma zile pesa zikarudi kwangu. Alisema amemsamehe maiti, aliye hai hajamsamehe, na pesa za watu wengine haziwezi kulipa deni la mtu mwenye mikono yake. Parokia yao imemwagiza mabenchi kumi na mawili. Nitayatengeneza yote, yeye anatoa mbao, na siku benchi la mwisho likiingia kanisani atalifuta jina la Baba mbele yangu. Basi mtoto wa mzee Assumani anatengeneza viti vya misa. Mzee Godefroid akisikia atacheka mpaka akohoe. Kwa siku tisa nimemaliza matano. Nitarudi kumalizia saba baada ya arobaini.

Mama nilimwambia juzi Jumatano. Nilipiga magoti mbele ya mkeka wake, nikavua kofia kabisa, nikijua kofi linakuja. Alisikiliza mpaka mwisho na tasbihi mkononi. Akauliza, "Baba yako alijua?" Nikasema alijua. "Na alinyamaza?" Nikasema alinyamaza. Kisha akasema, "Ule mutu," na akaanza kucheka, Yaya, machozi yanashuka na anacheka. "Miaka mbili iko nanileteya gundi."

Akanituma nikilete kiti. Nilikifuta maji, nikakipaka mafuta, sasa kiko karibu na mkeka wake na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Mimi bado hajanimaliza. Chakula ananipa bila kunitazama usoni. Ni haki yake, nangoja.

Siku ya arobaini nitasimama mlangoni, pale aliposimama Baba mdogo Djuma, niseme yote mbele ya vinywa vilevile. Nimemwambia nina neno siku hiyo. Anafikiri nataka kuoa, na ameshaanza kuuliza binti ni wa nani. Mia tatu zake nitamrudishia baada ya kusema, maana akizipata kabla ataniuliza, na nataka asikie pamoja na wengine. Nilitaka wewe usisikie pamoja na wengine.

Ndani ya bahasha utakuta dola zako mia tatu, noti zilezile. Zimekaa kwenye soksi yangu safari mbili, nimezianika, lakini ukisikia harufu utajua ni zenyewe. Rudisha mtaji wako. Zile mia tano za harusi siwezi kuzirudisha nyuma, mlishazila na wageni. Naomba tu usiichukie siku ile.

Nina ombi moja, halafu nakuacha upumzike. Jina lile ulilolitoa kwa mtoto, lirudishe. Ukilikataa kwa sababu nyingine, sawa, wewe ndiye mama yake. Lakini lisikataliwe kwa sababu ya mbao. Mwenye mbao ni mimi.

Msalimie shemeji, mwambie akufiche makarai. Mama anakusalimia na anasema ukijifungua upige simu kwanza kwake, hata kama ni usiku wa manane. Baba mdogo Djuma anakusalimia pia, na kwa sauti yake naamini umeshamsikia. Mungu akufungue salama.

Ndimi mdogo wako, na mwenye deni mwenyewe,

Shafi, mtoto wa Assumani