Uzi wa Kidole cha Pete

Mikumi, 5 Februari 2024

Dada Costancia,

Shikamoo dada. Habari za Mamboya? Kifua chako bado kinakubana asubuhi? Mimi mzima. Wageni wamepungua hifadhini, kwa hiyo gari linapumzika na dereva wake anapumzika.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haishiki mtandao mpaka upande pale kanisani, na habari hii sitaki wanawake wa kwaya waisikie kabla yako. Dada, nataka kumvisha Anitha pete. Ya almasi. Usicheke! Mwenzake pale duka la dawa Kilosa alivishwa ya kioo, jiwe likang'oka akinawa mikono. Anitha amenisimulia habari hiyo mara tatu. Mwanamke akisimulia jambo mara tatu, mwenye akili anaelewa.

Sonara wa Morogoro anataka kipimo. Jumamosi Anitha anakuja huko kwa bibi yake, na atapita kwako umshonee gauni. Wewe si fundi? Ukishampima kiuno, zungusha uzi kwenye kidole cha pete, kata panapokutana, mpe Zabron wa bodaboda aufikishe stendi. Anitha akiuliza, mwambie ndivyo mikono ya gauni inavyopimwa siku hizi.

Mdogo wako,
Rafaeli

Mamboya, 13 Februari 2024

Mdogo wangu Rafaeli,

Marahaba. Kifua hakijambo, kinakohoa tu kikisikia neno almasi. Baba alimvisha mama pete ya shaba, kidole kikawa kijani, na mpaka mama anafariki hakuna aliyemsikia akilalamika. Lakini haya, nyie wa siku hizi mna yenu.

Anitha amekuja. Ana adabu, kanisalimia kwa magoti. Mikono yake laini, kucha zimepakwa rangi ya zambarau. Gauni lake nitalimaliza kabla ya Pasaka.

Uzi wako huu hapa, nimeubandika kwenye karatasi. Usiuvute.

Dada yako,
Costancia

Mikumi, 3 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua haijavuja kwenye cherehani.

Jana nilikuwa Morogoro kwa sonara. Dada, almasi inachosha. Yule mzee alinipa kilenzi niweke jichoni, nikatoa jasho kama niko kwenye mtihani. Bei usiniulize. Nimechuja, zimebaki pete mbili. Ya kwanza jiwe kubwa, limeinuka juu limeshikwa na makucha manne, lakini ndani lina kadoa keusi, kama nzi alipita hapo. Ya pili jiwe dogo, safi, limezama ndani ya dhahabu, ukipitisha kidole husikii kitu.

Moyo wangu unataka kubwa ili watu waione. Lakini wewe ndiye uliyenichagulia hata viatu vya darasa la kwanza, na havikunibana. Chagua.

Mdogo wako,
Rafaeli

Mamboya, 10 Machi 2024

Rafaeli mdogo wangu,

Marahaba. Cherehani salama, paa ndilo limeshindwa.

Chukua ndogo iliyozama, wala usifikiri mara mbili. Hiyo yenye makucha itanasa kwenye kitambaa kila mtu akishona, na siku za kupalilia maharage udongo utaingia chini ya jiwe usitoke. Iliyozama unafua nayo, unakanda unga nayo. Pete ya kuvuliwa kila saa si pete. Nimeiwaza siku tatu nzima, na nimeiona kabisa ilivyo.

Nami siku ya kumvisha nitakuja Kilosa, hata kwa miguu.

Dada yako,
Costancia

Mikumi, 24 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Afya yako siulizi. Sauti yako niliisikia Jumamosi, ulikuwa mzima.

Daraja lilichukuliwa na mvua, hukuweza kuja, sikulaumu kwa hilo. Ngoja nikusimulie ulichokosa. Wazee walikaa, nikamvisha Anitha pete, vigelegele vikapigwa. Akashusha mkono, pete ikadondoka, ikabingirika mpaka chini ya kiti cha shangazi yake, Mama Yusta. Yule mama akaiokota, akaivaa kwenye kidole gumba, akauliza mbele za watu, "Baba, hii ulimpima nani?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikasema alipima dada yangu, ni fundi. Anitha akasema taratibu, "Dada alinipima gauni tu." Ndipo Mama Yusta akakupigia, akaweka sauti juu ili wote tusikie.

Ukasema, "Mimi sijapima kidole cha mtu. Mambo ya pete muulizeni mwenyewe."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alikwisha kunitafutia mwanamke mwingine, mwenye kidole kinene.

Nilikwenda Mikumi, nikarudi na barua yako ya Februari. Anitha aliisoma yote, akanirudishia. "Kama mwongo ni wewe, sikutaki," alisema. "Kama ni dada yako, huyo ndiye wifi nitakayeishi naye." Nikamwambia sonara anaweza kuipunguza kwa nusu saa. Akasema shida si pete.

Dada, kidole kilikuwa cha nani?

Rafaeli

Mamboya, 2 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepokea barua yako na nimesikitika.

Uzi wa pamba huvutika ukilowa, na mvua za mwaka huu umeziona mwenyewe. Simu nayo ilikuwa inakatika, sikusikia vizuri nilichoulizwa. Mwanamke anayekuacha kwa ajili ya uzi alikuwa na lake moyoni. Mungu atakupa mwingine.

Maharage yamekubali, nitakutumia debe moja.

Dada yako,
Costancia

Mamboya, 21 Oktoba 2024

Rafaeli mdogo wangu,

Hujambo? Hii ni barua ya nne tangu Mei. Debe la maharage umelirudisha bila kulifungua. Shikamoo yako sijaisikia muda mrefu, na hilo ndilo linalonibana kifua siku hizi.

Jana kanisani wametangaza ndoa ya Anitha na mtu wa Msowero. Tangazo la kwanza. Nilitoka nje kabla ya ibada kwisha.

Kidole kilikuwa changu.

Nilimpima mabega, kifua, kiuno. Nilipofika mkononi nikashindwa. Niliona mikono yangu juu ya mkono ule, nikaona aibu. Alipoondoka nikazungusha uzi kwenye kidole changu, nikajiambia vidole vya wanawake vinalingana. Mimi ni fundi wa miaka ishirini, Rafaeli. Najua hakuna miili miwili inayolingana. Niliukata hivyo hivyo.

Unamkumbuka Mathayo? Hukumbuki, ulikuwa na miaka saba. Alileta barua ya posa mara mbili, nikamwambia asubiri umalize shule. Hakusubiri. Sikudai hilo, nilipenda mwenyewe kukulea. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunipima kidole, na siku ile nilikaa na uzi ule nikashindwa kuuvua. Uliponiambia nichague pete, nikachagua. Anitha hashoni, wala hapalilii maharage. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika.

Simu ilipopigwa nilikuwa pale kanisani, wanawake wamenizunguka wakisubiri kupiga vigelegele. Ningewaambia nini? Kwamba mtu wa miaka arobaini na mmoja amejipima pete ya mchumba wa mdogo wake? Nikaona bora aibu iwe yako. Wewe ni mwanaume, nikasema, itakupita.

Yamebaki matangazo mawili. Nikiruhusiwa nitakwenda kwa bibi yake Anitha, nipige magoti, niseme yote kama nilivyoyaandika hapa. Sema neno moja tu, nitakwenda siku hiyo hiyo.

Dada yako,
Costancia

Mikumi, 11 Novemba 2024

Costancia,

Barua yako niliipata tangazo la pili likiwa bado. Nikasubiri nione kama utakwenda.

Umeniomba ruhusa ya kusema kweli. Siku ya kusema uongo hukuomba ruhusa kwa mtu.

Ndani ya kiberiti hiki kuna pete. Sonara alitaka kuipunguza, nimemkataza. Kipimo ni chako, na aliyeichagua ni wewe. Utashona nayo, utapalilia nayo. Usiivue.

Rafaeli